Nusu Saa

Bride Hynes alinipigia simu saa tatu usiku,
theluji imeshaziba nusu ya mlango wangu.
"Clem, tovuti imenigomea.
Nimepandisha bei ya glavu juzi, na jana, na leo,
kule mtandaoni bado ni dola kumi na nane.
Watu wa Toronto wananunua, mimi nakula hasara."

Nikavaa buti, nikabeba tochi.
Hapa Gannet Cove hakuna fundi mwingine,
na mimi ni fundi kwa sababu tu
niliwahi kukaa mwaka mmoja karibu na mtu anayejua.

Kompyuta ilikuwa jikoni, kando ya birika.
Faili mia tatu na kumi na mbili,
na mbele ya kila moja kauli ileile
ya karani asiyeinua macho:
*ya kule ni mpya kuliko ya hapa. Imerukwa.*
Imerukwa.
Imerukwa.

Nikaanzia pale mafundi wavivu huanzia: saa ya ukutani.
Nikaipima kwa redio, redio kwa kompyuta.
Zikaafikiana hadi sekunde.
Mwongo hakuwa nyumbani.

Seva iko Frankfurt, huandika muda kwa saa ya Greenwich.
Haina habari kwamba huku Newfoundland
tulikataa kuhesabu saa nzimanzima kama majirani:
tuko nyuma kwa saa tatu na nusu,
kiangazi mbili na nusu,
na hiyo nusu tunayojivunia
ndiyo iliyotufunga.

Kwani kipo kisanduku cha kusahihisha tofauti.
Nikaandika tatu na nusu. Kikakataa.
Nikajaribu kwa nukta, kwa mkato. Kikalia.
Aliyekiunda alidhani dunia imekatwa
kama keki ya harusi ya watu wanaoogopana.
Nikaweka tatu: faili za kule zikabaki mbele dakika thelathini.
Nikaweka nne: zikarudi nyuma dakika thelathini,
programu ikataka kupakia kila kitu upya,
hata picha za paka.

"Tuachane na tarehe," nikasema, "tulinganishe ukubwa."
Nikajiona mjanja. Bride akamimina chai.
Faili ya bei: baiti elfu nne mia moja na sita huku,
elfu nne mia moja na sita kule.
Maana 18 na 20 zina uzito mmoja,
tarakimu mbili kwa tarakimu mbili;
tofauti huiona mwenye mfuko.

Ikabaki kusoma yaliyomo, herufi kwa herufi,
kazi ya taratibu kama kuchambua mchele.
Orodha ikapanda. Kidole cha Bride kikaigusa skrini.
"Hii ya Alban."

Faili ya ndege wa ufukoni.
Huku: Aprili kumi na moja, saa nne na dakika kumi usiku.
Kule: Aprili kumi na mbili, saa sita na dakika arobaini usiku.

Alban alifariki tarehe kumi na moja,
saa tano na dakika ishirini,
kwenye kiti nilichokalia.
Nikajiinua kidogo, bila kutaka.

"Ni dakika ileile," nikaeleza, "namba tu ndizo..."
"Najua. Nilikuwepo.
Alikuwa anaongeza bundi mweupe.
Lakini kwa Wajerumani aliongeza kesho yake."

Ninayo amri moja, mstari mmoja tu,
husawazisha tarehe zote, huku na kule.
Nilikuwa nimeshaiandika nusu
Bride alipoweka sahani ya mkate
juu ya kibodi.

Tukala. Faili moja tu ndiyo iliyopanda usiku ule:
glavu, dola ishirini.

Nilipofika kwangu, saa ya jiko ilikuwa mbele kwa saa moja,
kama ilivyo tangu Novemba.
Sijawahi kujua inarudishwaje.