Bandi

Tangu Jumatatu meza yangu ina vitambaa viwili:
bluu ya shule ya hapa mtaani, mita moja na robo,
na damu ya mzee ya shule ya bweni, ng'ambo ya daraja la Pakwach.
Miaka kumi na sita nimewashonea sare watoto wa Arua.
Sijawahi kuuogopa mkasi.

Ayikoru yuko chini ya cherehani, mahali pake,
anapanga vifungo kwa rangi, halafu kwa matundu,
vya mawili huku, vya manne kule.
Ana miaka tisa. Hajatamka neno,
ila nikikosea kifungo hunirudishia mkononi.

Fomu ya ofisi ya elimu iliuliza aina ya ulemavu.
Kisanduku chenyewe hakizidi kifungo cha shati.
Mama yake akaandika, akafuta, akaandika,
hadi karatasi ikatoboka.

Kule bweni tulipokelewa vizuri, sitasema uongo.
Wanajua mambo ambayo sisi tunayabahatisha:
picha ya kuonyesha kiu, picha ya kuonyesha choo,
chumba kimya chenye mkeka na pazia.
Kijana mmoja alitufungulia lango,
akaandika jina lake mavumbini kwa kijiti, polepole,
akasimama akingoja tulisome.
Tulilisoma.
Driwaru alilia ndani ya basi mpaka Nebbi
na hakuniambia analilia nini.

Godoro, ndoo mbili, fagio, jembe,
karatasi za chooni, laki sita kila muhula.
Laki sita nitazishona.
Lakini wiki kumi na tatu?
Mtoto huyu hapati usingizi asiposikia cherehani.
Hilo halimo kwenye orodha yao,
na mlio haufungwi ndani ya ndoo.

Hapa mtaani, darasa la pili wako mia moja na nne.
Kengele yao ni rimu ya lori, hugongwa kwa chuma.
Ilipolia, Ayikoru alijikunja, akaziba masikio.
Watoto wakacheka. Mmoja hakucheka;
nilimtazama sana yule mmoja.
Mwalimu Ezaru, chaki kwenye nywele, hakujitapa:
"Sijasomea watoto hawa. Mleteni. Nitajua nusu."
Nusu.
Nimelala na neno hilo siku nne
kama nyama iliyonasa kwenye jino.

Mama mkwe ana lake la tatu: abaki nyumbani.
"Nguo ya kuazima haisitiri matako," anasema,
kwake shule zote mbili ni za kuazima.
Nikamheshimu, nikanyamaza, nikatunga uzi,
tundu la sindano likinikwepa.

Jana, Mungu anisamehe, nilitandika vitambaa vyote sakafuni,
bluu hapa, damu ya mzee pale,
nikamkalisha katikati.
Nilitaka anichagulie.
Hakugusa hata kimoja. Aliokota pini zilizoanguka,
akazichomeka kwenye mkono wa shati langu, zikanyooka mstari,
kisha akachukua futi, akanipima mimi,
kutoka bega mpaka kifundo cha mkono,
akaitazama namba kwa muda mrefu
kama mtu anayejua bei ya kazi.

Usiku nilikata bluu.
Mkasi haurudi nyuma, najua.
Lakini mishono ni ya bandi, mirefu, uzi mweupe,
hata kipofu ataiona.
"Mbona hujaimaliza?" Driwaru aliuliza.
Nikamwambia: ikimbana, nafumua.
Ile damu ya mzee nimeikunja juu ya kabati.
Sikuirudisha dukani, na yeye hakuniuliza tena.

Sasa kumepambazuka na sare bado inasubiri,
kwa sababu nimeanza na kazi nyingine:
mpira wa tairi kuukuu, sindano ya gunia,
soksi nene ya kuvisha kile chuma
cha kugongea rimu.