Kioo cha Ukubwa wa Ukucha

Mwajabu aliileta kwa kilo.
Kamera ya bega, ya enzi zile kanda nene kama tofali,
imefungwa kitenge, imebebwa kama mtoto mwenye homa.
"Yule wa chuma chakavu Cheyo kanitajia elfu mbili.
Wewe Nyanzala utanipa ngapi?"
Nikampa elfu tatu, na chai.

Lenzi ilikuwa na ukungu,
mende walishazaa kwenye injini.
Lakini pembeni, kwenye kale kapembe ka kuchungulia,
kalikuwa kamelala:
katyubu ka kioo, kembamba kuliko kidole gumba changu,
shingo kama ya chupa ya marashi,
uso kama ukucha.

Televisheni nzima, nakwambia.
Ina bunduki yake ya elektroni huko nyuma,
ina koili zake za shaba zilizosokotwa
na mtu mwenye subira ya mshona shanga.

Nilikang'oa taratibu. Kwanza nikaukimbiza umeme uliojificha,
bisibisi ya mpini wa mpira, mkono mmoja mfukoni,
maana udogo si upole:
muulize nyuki.

Nyaya tano. Nyekundu, moto. Nyeusi, ardhi.
Ya njano nikaikisia, nikakosea, nikanusa moshi, nikachomoa.
Ya kijivu ndiyo iliyobeba picha.
Betri ya pikipiki. Regyuleta ya redio
ya mkulima wa tumbaku wa Urambo
ambaye tangu masika hajarudi kuichukua.
Nyumba mpya: kikopo cha ugoro,
na nta ya Sikonge kushika shingo isitikisike.
Duka zima likanuka asali na risasi iliyoyeyuka.

Kakawaka.
Nukta, kisha mstari,
kisha chenga, chenga, chenga,
mvua ya mawe ndani ya kisoda.

Jumamosi Mwajabu akarudi na kanda moja kwapani.
"Deki yako nzima?"
Nzima, ukiipiga kibao upande wa kushoto.

Mumewe Kapaya alirekodi harusi za Ng'ambo na Isevya
miaka kumi na minne.
Akirudi usiku, anakula wali wa baridi wa kufungiwa,
kisha anamuuliza mkewe:
"Hivi gauni lilikuwa rangi gani?"
Kwa sababu kale kakioo hakakujua rangi.
Jicho moja kutwa ndani ya kijivu,
jingine kalifumba.
Naye Mwajabu, aliyekaa jamvini na wanawake, anamwambia:
samli.
Au: bilinganya.
Au: kijani cha tumbaku, kabla haijaingia bani.

Ule mpira wa kuegemeza jicho niliubakiza.
Umeliwa upande mmoja, pale nyusi yake ilipozoea.
Mwajabu akainama, haukumkaa,
akageuza shingo, akajaribu tena,
mpaka uso wake ukapata lile shimo.

Haturuhusiwi wawili. Kioo kile ni cha jicho moja.
Mimi niliona shavu lake tu,
na duara la mwanga wa buluu, dogo kama sarafu,
likicheza chini ya jicho.

"Kaiweka kamera juu ya kiti," akasema.
"Anakuja mbele. Anapunga mkono.
Anauliza kama taa nyekundu inawaka."
Akacheka. "Mkubwa kama choroko!"

Nikauliza, basi tu, kwa mazoea ya fundi anayetaka kujua
kama picha imetulia:
kavaa shati la rangi gani?

Akakaa kimya.
Deki ikakwaruza. Nadhani bibi harusi alishapita,
na sahani za pilau, na watoto wanaosukumana mbele ya kamera.
"Hilo," akasema, jicho bado shimoni,
"hakuniuliza hata siku moja."

Alipoondoka na kikopo ndani ya kitenge
aliiacha elfu tatu yangu mezani.
Chai hakuirudisha.

Jumatatu nilikwenda Cheyo, kwa yule wa chuma chakavu,
nikapekua kati ya rimu za baiskeli na masufuria yaliyotoboka,
nikamuuliza kama ana macho mengine.