Hodi Jikoni Mwangu

Nimebisha hodi jikoni mwangu.
Mkono ulinitangulia, ukagonga mlango
nilioupaka rangi mwenyewe mwaka ule mto
ulipotuachia tope hadi usawa wa dirisha.
"Karibu," akajibu mkamwana wangu Natia, bila kugeuka,
nami nikakaribia.

Chumvi imehama. Ilikuwa kando ya jiko,
sasa ipo nyuma ya unga wa mahindi,
katika kopo la kahawa nililotuma Pasaka.
Sikuuliza. Nikapika maharage chapwa,
wakayala, wakayasifu,
na sifa zile zikanichoma kuliko tusi.

Zauri hulala mshazari.
Miezi kumi na minne kitanda kimekuwa chake chote,
magoti yameshajigawia mipaka.
Mimi hujikunja pembeni kama barua
iliyosukumwa chini ya mlango.
Hunifunika blanketi, kisha huniomba radhi.
Huniomba radhi! Mtu aliyekuwa akinipora mto
tukacheka hadi mama yake agonge ukuta.

Saa kumi na moja alfajiri mikono huamka kabla yangu.
Kule Bari ni saa tisa, saa ya kumgeuza Bi Ninetta,
ubavu wa kushoto kwenda wa kulia, asipate vidonda.
Mikono hupapasa gizani ikitafuta bega jembamba,
hulikuta la Zauri, pana, lenye manyoya,
nami nasema kwa lugha ya kule: polepole, bibi, polepole.
Yeye hushtuka: "Nani?"

Tekle, mjukuu, ana miaka mitatu.
Siku ya kwanza alinitazama kwa muda mrefu,
akaenda kuchukua simu ya mama yake,
akanipigia.
Ikalia mfukoni mwa aproni yangu. Nikapokea.
Tukaongea, yeye upande ule wa meza, mimi upande huu,
akanionyesha jino, akanionyesha paka,
akaibusu skrini, kwaheri bibi,
akanipita bila kunigusa.

Majirani huja kuhesabu vigae.
Paa jipya, jekundu; Italia inalipa, wanasema.
Nikiinua macho mimi naona mabafu:
kigae hiki, Jumanne, maji ya vuguvugu;
kile pale, usiku alioliita jina la marehemu mumewe
nikaitika.

Mgeni siku mbili. Siku ya tatu nilitafuta jembe.
Natia akaninyang'anya ufagio: "Pumzika, mama."
Zauri akanipokonya ndoo.
Wakaniketisha chini ya mizabibu, wakanimenyea peasi.
Siku ya tano, peasi.
Siku ya kumi, peasi, na mto wa kuegemea.
Sikujua heshima inaweza kumfukuza mtu
akiwa amekaa.

Siku ya kumi na tisa zabibu zilikuwa zimekatwa,
zimejaa makapu, nyigu wamekuja, wingu limefunga
juu ya Kutaisi, na Zauri kapandwa na jazba ya mavuno:
"Lamara! Umekaa hapo kama askofu?
Mtungi mkubwa haujasuguliwa!"

Kimya. Natia akaziba mdomo kwa kiganja.

Nikavua viatu vya Bari.
Mtungi umefukiwa ardhini hadi shingo;
nikashuka kwa ngazi na burashi ya gome la mcheri.
Ndani mnanuka divai ya mwaka ambao sikuwepo.
Nikasugua. Magoti yakalalamika, nikayatukana
kwa Kigeorgia, matusi ya bibi yangu, yote,
na sauti ikanirudia nene
kama ya mwenye nyumba.

Juu, duara la anga, na ndani ya duara
kichwa cha Tekle:
"Bibi, uko ndani ya simu?"

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema hapana,
mwambie babu ateremshe maji.

Tiketi i mfukoni mwa koti. Ni ya Alhamisi.