Safu ya Nne

Nilipewa kigoda cha plastiki, kalamu mbili,
na ubao wa kubania karatasi uliovunjika pembe.
Kibarua cha siku tatu, elfu kumi na mbili kwa siku,
chakula juu yangu.
Injinia Lipunda akanionyesha fomu:
safu ya kwanza malori,
ya pili magari madogo na bajaji,
ya tatu pikipiki,
ya nne watu wanaovuka.
"Wanaopita kando usiwahesabu," alisema. "Wanaovuka tu.
Mtaa ukifikisha alama kumi na tano unapata matuta.
Usipofikisha, unasubiri bajeti nyingine."

Ndipo nikajua kwamba hata tuta lina mtihani wake,
na mtaa wetu wa Magomeni ulikwisha kuufeli mara mbili.

Jumatatu, tangu saa kumi na mbili asubuhi:
malori ya makaa ya mawe yakishuka bandarini, maturubai yakipiga makofi,
vumbi jeusi likitua juu ya vitumbua vya Mama Nachundu;
malori ya korosho yakikimbilia mnada;
vijana wa bodaboda wamelalia matangi
kana kwamba wanaudai upepo.
Safu tatu zilijaa mpaka nikageuza karatasi.
Safu ya nne: watu kumi na mmoja.
Kutwa nzima.

"Wachache," alisema injinia, wala hakusema kwa ubaya.
"Barabara isiyovukwa haina hatari."

Nilitaka kumwambia
kwamba bomba liko ng'ambo, na shule iko ng'ambo,
na tangu masika ya juzi,
tangu mtoto wa Likwata arudishwe nyumbani ndani ya kanga ya jirani,
watoto wetu huzungushwa hadi kwenye kalavati,
wakapita chini, wameinama, mabegi kichwani,
mmoja mmoja kama siafu,
na kalavati halina safu.
Kwamba Bi Somoe hajakanyaga kwa dada yake tangu Ramadhani,
na nyumba zao zinatazamana.
Hupungiana mikono, kisha hupigiana simu;
kila mmoja huona midomo ya mwenzake ikitembea
na sauti ikifika baadaye.

Sikumwambia. Nilisaini, nikaenda zangu.
Usiku, tukimenya muhogo uani,
nilisema tu kwamba wanahesabu wanaovuka.
Sikusema zaidi ya hapo.

Jumanne, saa moja kamili,
Bi Somoe akatoka na kikapu kitupu,
kanga kaifunga kibwebwe.
Akamshika mkono Mama Nachundu, wakavuka.
Wakageuka.
Wakavuka.
Nyuma yao fundi Mkwepu, futi ya kushonea shingoni,
na watoto wa madrasa na juzuu zao,
na Zainafu msusi na mteja wake,
nywele nusu zimelala, nusu zimesimama.
Lori likapiga honi ndefu, likapunguza, likasimama.
Dereva akatoa kichwa:
"Kuna msiba?"
"Bado," akajibiwa.

Nikachora vijiti, vinne na mkato, vinne na mkato.
Sikuongeza hata mguu mmoja.
Mia sita arobaini na tatu,
na kila kijiti ni unyayo uliogusa lami.
Bi Somoe peke yake ana arobaini na moja;
safari ya mwisho aliishia kwa dada yake,
akanywa chai huko, hakurudi mpaka adhuhuri.

Injinia alikaa na karatasi zile muda mrefu.
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.
"Jana kumi na mmoja. Leo mia sita.
Ofisini wataniuliza."
"Waambie waje wavuke," nikasema.
Akaandika kitu pembeni kwa penseli,
herufi ndogo. Sikuweza kuzisoma.

Leo Jumatano. Nimewahi.
Kigoda kina umande, safu ya nne ni nyeupe,
kutoka upande wa kiwanda cha saruji nasikia gia zikibadilishwa,
na ng'ambo kule
mtu anafungua komeo.