Noti Mbili, Silabi Nne

Darasa langu liko chini ya ngazi, shule ya pili ya Ozurgeti,
chumba kilichokuwa stoo ya makaa.
Piano imebakiwa na meno sitini;
mengine panya wanajua yaliko.
Novemba, mvua ya Guria hainyeshi, inahamia:
inakuja na mizigo yake, inakaa wiki tatu.
Ndiyo inayotupigia mapigo. Ngoma sijawahi kuomba.

Watoto tisa. Nawapanga kwa sauti, si kwa kimo.
Huku kwetu mtu haimbi peke yake:
mmoja huanza, wa pili humbishia,
wa tatu hukaa chini, kama anayeshikilia ngazi
mwenzake akichuma machenza.
Na juu ya wote krimanchuli, sauti ya jogoo aliyekanyaga kaa la moto;
hiyo ni ya Barbare,
ambaye mwalimu wa hesabu hajawahi kumsikia.

Nikawaambia: wimbo hauanzi na maneno matamu.
Acheni nyota. Acheni waridi. Acheni "ewe nchi yangu".
Nileteeni sauti moja kutoka nyumbani,
muibebe kinywani kama yai, isivunjike njiani.

Jumatatu wakaja.
Tekle alileta friji: mmmm, kikohozi, kisha kimya.
Vakho, buti za babu yake zikivuliwa.
Mapacha wa Chkhaidze waligombana, sauti yao ilikuwa moja,
mlango wa choo, na kila mmoja alidai kuisikia kwanza.
Zviad akasema hana.
Nikasubiri. Mwalimu wa muziki anayeogopa kimya
na aende akauze viazi.
Akatazama viatu vyake, kisha:
tuu.
tuu.
tuu.
Simu inayoita Bari, Italia, kabla haijapokelewa.
Mama yake yuko huko mwaka wa nne,
anamwogesha mama wa watu.

Hiyo ikawa besi. Hakuna aliyepiga kura.
Friji tukaiweka katikati, mlango ukagonga pembeni,
na maneno wakayatoa mmoja mmoja,
mimi nikiandika ubaoni, chaki ikilowa mkononi:

*Paka amezaa tena,*
*buti za babu zavuja,*
*machenza yameshaiva,*

na mstari wa nne nikauweka mwenyewe, Mungu anisamehe,
*mama, mama, mama, rudi.*
Nane kila mstari. Nilihesabu kwa vidole, nikafurahi
kama mtu aliyepata chenji kamili.

Zviad akainuka, akafuta neno langu kwa mkono wa sweta.
"Hatusemi hivyo."
Mnasemaje?
"Yeye huniuliza, umekula? Na mimi humuuliza, umekula?
Halafu yule bibi anaamka, anamwita."

*mama, mama, mama, umekula?*

Kina kikakaa. Mizani ikavunjika.
Nilikuwa na kalamu nyekundu mfukoni,
nina miaka ishirini na sita ya kusahihisha,
na hapo palikuwa na noti mbili tu, ndefu, nzuri,
nilizozitunga usiku nikizionea fahari.
Vakho akasema: si tuzipasue?
Tukazipasua, kama kuni,
mbili zikawa nne, fupi, zenye vibanzi,
na zikawaka kuliko zile nzima.

Tuliimba Jumamosi, ukumbi wa kiwanda cha chai kilichofungwa,
mabibi kwenye viti, makoti yakichuruzika.
Akina mama ungewahesabu kwa mkono mmoja.
Tuu, tuu, Zviad chini, macho yamefumbwa.
Barbare akapanda mpaka nikaogopea madirisha.
Tulipofika kwenye neno lile, tukavuta pumzi, "umekula?"
bibi mmoja safu ya tatu akajibu, kwa sauti kubwa, kwa haki yake:
"Bado!"

Zviad akacheka. Besi ikaanguka, friji ikazimika,
mapacha wakalaumiana.
Beti ya pili hatukuifikia.

Bibi yule alikuwa na mkate wa mahindi kwenye kitambaa.
Aliukata vipande kumi, akanihesabu na mimi.