Meza ya Ermelinda

Meza imekatwa tundu la nusu mwezi.
Humo Ermelinda huingiza tumbo lake kila alfajiri, huko Gondomar,
na ngozi ya mbuzi huning'inia magotini
kudaka vumbi la dhahabu.

Koleo dogo. Tupa iliyoisha meno.
Kibano cha marehemu mamaye, kimefungwa uzi mwekundu.
Waya mwembamba kuliko unywele
anauzungusha, anauzungusha, hata moyo wa kidani ujae.

Yeye hereni havai. Matundu ya masikio yaliziba zamani.

Jumamosi hukung'uta ngozi, hufagia sakafu,
hata maji aliyonawia hamwagi:
huyachuja kwa kitambaa.
Mwaka ukiisha, vumbi likiyeyushwa,
hutoka punje moja, kama dengu.

Hiyo haiuzi.
Anazo thelathini na moja kwenye kopo la kahawa,
na akilitikisa, paka huamka.