Muunganisho Umekataliwa

Uyole, saa nne usiku, mwezi wa saba.
Baridi imepita chini ya mlango bila hodi,
imekaa vidoleni mwangu kama mpangaji asiyelipa.
Naandika amri. Nabonyeza. Nangoja.
Skrini inanijibu kwa maneno mawili mekundu:
muunganisho umekataliwa.

Kesho asubuhi mzani wa ushirika, kule Isyonje,
unatakiwa kutuma kilo za viazi kwenye seva hii,
gunia kwa gunia, jina kwa jina,
ili dalali asije tena na lumbesa yake
iliyoshonewa kilemba cha ndoo mbili
akasema, "Mama Sekela, hili ni gunia moja."
Tumeahidi. Tumekula hata malipo ya awali.

Lusajo hana shaka na mkosaji.
"Ni ukungu. Ukishuka kutoka Rungwe mnara hausikii."
Amepanda juu ya stuli, simu kaiinua dirishani
kama anayekinga mvua kwa kikombe.
Anyosisye anasema ni bando. Ananunua bando.
Tunazima ruta, tunahesabu hadi thelathini, tunawasha.
Taa nne za kijani zinatukonyeza.
Muunganisho umekataliwa.

Basi naanza upya, polepole,
kama mtu anayechambua maharage kwa mwanga wa kibatari.
Jina la seva: linajulikana? Linajulikana.
Njia: natuma vifurushi vinne vidogo,
vinarudi vyote vinne, kimoja kikichechemea.
Ukuta wa ulinzi: naushusha kwa dakika mbili
kwa aibu ya mtu anayeoga uwanjani.
Bado.
Naurudisha haraka.

Hapo namkumbuka mwalimu Mwambungu, maabara ya Iyunga,
koti lake la sufi, chaki sikioni:
"Msichanganye kimya na kukataliwa.
Kimya, hujui kama kuna nyumba;
utabisha mpaka muda ukuishie.
Lakini aliyekukatalia amekusikia.
Amekuja mpaka getini, amekwambia
chumba hicho hakina mtu.
Shukuru. Nyumba ipo."

Nyumba ipo.
Naacha kubisha kwa nje, naingia seva kwa mlango wa fundi,
nauliza humo humo ndani:
nani anasikiliza kwenye namba elfu nane na themanini?
Yupo.
Yupo tangu mchana, macho makavu, masikio wazi,
hana homa, hana kosa hata moja kwenye daftari lake.
Unamsikiliza nani?
Mia moja ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja.

Anwani ambayo kila mashine duniani
huitumia kujiita *mimi*.

Siku nzima ilikuwa ikijisikiliza yenyewe.
Na mstari ule haukuandikwa na ukungu.
Niliuandika mimi, Jumanne, nikitafuna karanga.

Nafuta. Naweka sifuri nne na nukta tatu katikati:
yeyote, kutoka popote. Nawasha tena.
Anyosisye anatua chupa ya chai juu ya mzani,
na kwenye skrini, bila mbwembwe, inajiandika:
kilo moja nukta nne.

Hakuna aliyepiga makofi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.
Lusajo akashuka kwenye stuli, akafuta simu kwa shati.
"Si mnaona? Ukungu umeondoka."
Nikatazama nje. Hata taa ya jirani haikuonekana.

Chai tukainywa na uzito wake.
Nikaokota simu yangu, iliyolala kifudifudi tangu mchana:
Atupele, Tukuyu. Atupele. Atupele.
Saa sita kasoro. Nikampigia hivyo hivyo.
Ikaita, ikaita, nikahesabu miito sita.

"Nani?" sauti nzito ya usingizi.

"Mimi," nikasema,
kisha nikanyamaza, nimsikilize.